Kopo la Musyimi

Stesheni nzima ya polisi ya Kyuso ilikuwa imeshamhukumu Mzee Nzau kwa sababu ya mikono yake. Haikutulia. Alipopewa chai, nusu ilimwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni, na jasho lilimtiririka shingoni ingawa jua lilikuwa bado halijapanda. Tangu wamfungie hakuwa amepata lepe la usingizi. Konstebo wa zamu aliwaita wenzake mmoja mmoja waje waone jinsi damu ya mtu inavyomsumbua aliyeimwaga.

Inspekta Barwaqo Kusow alimtazama kupitia nondo. Alikuwa mtoto wa wauza mbuzi wa Kisomali wa Tseikuru, na wengi waliouona mtandio wake wakadhani hajui Kikamba walikuwa wamempa ushahidi mzuri bila kujua. Hadithi za dhamiri hazikumwingia. Alishawahi kuona wauaji wakikoroma ndani ya seli ile ile mpaka wakaamshwa kwa uji.

Huko kaunta kelele zilikuwa zimeanza.

"Mnampikia chai?" mwanamke alikuwa anauliza. "Mume wangu yuko mochari, na nyinyi mnampikia chai huyo alimuua? Kama serikali imeshindwa, nipeeni mimi!"

Huyo alikuwa Nzisa, mjane wa Musyimi, mwenye kemisti, duka la dawa la pale sokoni. Mapema wiki hiyo Musyimi alikutwa chini ya ngazi ya saruji nyuma ya duka lake, fuvu limepasuka. Siku moja kabla, soko zima lilimsikia Mzee Nzau akimfokea kwamba atamzika. Hayo yaliwatosha watu. Nyuma ya Nzisa walisimama vijana wa soko, na mmoja wao alikuwa ameviringisha tairi kuukuu la pikipiki hadi langoni. Hakuna aliyemuuliza la nini.

Barwaqo hayakumtosha. Daktari aliyeipasua maiti kule Mwingi alikuwa amempigia simu. Hakukuwa na harufu ya dawa ya ndengu, ile inayotiwa kwenye magunia na ambayo huua wengi pande hizi. Hakukuwa na alama ya kupigwa wala kushikwa. Lakini ulimi wa marehemu ulikuwa umeng'atwa karibu ukatike. "Huyu alishikwa na degedege kwanza, ndipo akaanguka," daktari alisema. "Na familia inasema hakuwa na kifafa."

"Madam," Konstebo Kimeu akanong'ona pembeni yake. "Yule msichana wa kemisti, Kasyoki, hawezi kuja kuandika statement asubuhi hii. Mama yake ameanguka. Wako hospitali."

"Ameanguka vipi?"

"Degedege. Imeanza usiku, na haitaki kuisha. Daktari Kaloki anasema pengine ni homa ya uti wa mgongo, lakini hajui. Anasema ikiendelea hivi, huyo mama hafikishi jioni."

Barwaqo aligeuka kumtazama. Degedege mbili katika mji mdogo kama Kyuso, katika wiki moja, na zote zinaigusa kemisti ile ile. Akamrudishia macho Mzee Nzau na mikono yake.

"Fungua hii seli," akasema.

Aliketi kwenye benchi karibu na mzee. Nzau alikuwa mzee wa kanisa, wa kiti cha mbele, mtu wa tai hata siku za kazi. Sasa tai ilikuwa kaunta pamoja na mkanda wake.

"Mzee, ulimwambia Musyimi utamzika."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Madam, mimi ni mzee wa kanisa."

"Hiyo sijauliza. Hapo nje kuna tairi, na mimi sina askari wa kutosha. Ukitaka kufa na aibu yako, nyamaza tu."

Mzee akaukodolea macho ukuta. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Ni dawa," akasema mwishowe. "Ya usingizi. Mama watoto alipofariki, moyo ulikuwa unanipiga kama mashine ya posho. Hospitali wakanipea ya wiki mbili, wakasema nisipitishe. Wiki mbili ikaisha, na usiku ikawa mbaya kuliko mbeleni. Nikaenda kwa Musyimi. Akanipea. Akaendelea kunipea. Hata sijui sasa ni miaka ngapi."

"Kuna mtu anajua?"

"Nani? Nitasimama pale mbele niombee watu amani, na wajue yangu inatoka kwa kopo? Nilikuwa napitia mlango wa nyuma, Kasyoki akiwa ameenda mazoezi ya kwaya."

"Sasa mbona umtishe mtu anayekusaidia?"

"Si aliniharibia!" Mzee aligonga goti kwa ngumi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na nguvu. "Hii alinipea juzi haishiki. Nameza moja, nameza mbili, nameza tatu, hakuna kitu. Nikamrudia, nikamwambia hii ni bandia. Akaapa ni kopo ile ile. Ati hata yeye mwenyewe anameza hiyo. Na alikuwa anatetemeka, madam! Tumesimama pale kwa mlango, wanaume wazima, tunatetemekeana. Nikaona ananichezea. Ndio nikamwambia nitamzika."

"Ulijuaje ni bandia?"

"Ile ya kweli ni chungu. Ikigusa ulimi kabla ya maji, unajua. Hii ilikuwa kama kumeza chaki."

Barwaqo aliinuka. Alimwagiza Kimeu amtoe mzee kwa nyuma, amlaze kwenye kiti cha gari na kumpeleka hospitali, kwa sababu angeweza kuanguka wakati wowote. Kisha akaenda kaunta na kumvuta Nzisa kando.

"Mume wako alikuwa anameza dawa ya kutuliza?"

"Mume wangu alikuwa mtu wa nguvu zake."

"Nimeuliza dawa."

Nzisa aliangalia vijana wake, akashusha sauti. "Kila mtu anameza kitu. Kazi ya duka iko na mawazo mengi. Alikuwa anachota tu kidogo kwa lile kopo lake, asubuhi na jioni. Hiyo ndiyo ilimuua? Nzau alimwekea kitu ndani?"

"Hakuna aliyewekewa sumu," Barwaqo alisema. "Ondoa hiyo tairi langoni kwangu kabla sijakufungia pamoja nayo."

*

Kasyoki aliitwa kutoka hospitali ili afungue kemisti. Alikuja mbio, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, macho mekundu kwa kukesha, funguo zikiwa zimefungwa kwenye kamba shingoni.

"Madam, tafadhali, fanya haraka. Mama ako peke yake."

"Haraka itategemea wewe."

Kyuso nzima ilijua kisa cha Kasyoki na Musyimi, na kilimkasirisha Barwaqo kila alipokikumbuka. Kasyoki alikuwa na mdogo wake wa kike, Mbula. Mbula alikuwa ndani ya lori la mbuzi lililomiminiwa risasi na majambazi njia ya Tseikuru. Alitoka mzima, ila moyo haukutulia tena. Hospitali ikampa vidonge vya kutuliza wasiwasi vya muda mfupi, ikamwambia arudi aonwe. Hakurudi, kwa sababu Musyimi alimuuzia vingine, na vingine, na vingine tena. Kisha uvumi ukaenea kwamba wakaguzi wa dawa wako njiani. Musyimi akaficha kopo na kumfungia Mbula mlango. Siku chache baadaye Mbula alishikwa na degedege akiwa anapika peke yake, akaangukia mafiga, akafa kwa kuungua.

Kesi hiyo ilipaswa kufika mezani kwa Barwaqo. Haikufika. Wazee wa kanisa, Mzee Nzau akiwa mbele yao, waliimaliza nyumbani. Musyimi alipiga magoti mbele ya waumini, mbuzi akachinjwa, Kasyoki akasimama na kutamka kwamba amemsamehe, watu wakalia na kupiga makofi. Na ili familia isibaki mikono mitupu, Musyimi akamwajiri Kasyoki dukani. Wakamkabidhi funguo mbele ya mchungaji, na kila mtu akaenda kula nyama akijiona amefanya kazi ya Mungu.

Barwaqo angepata faili hilo, Musyimi angekuwa gerezani na angekuwa hai. Alisimama sasa katikati ya duka la marehemu na kugundua kwamba hamhurumii hata kidogo. Angependa kumfufua amfunge pingu yeye mwenyewe.

"Kopo la dawa ya usingizi liko wapi?"

Kasyoki alilitoa chini ya kaunta. Lilikuwa kopo kubwa la plastiki, jina la diazepamu limeandikwa ubavuni. Musyimi hakuuza vidonge vya pakiti. Alichota kwa kijiko, akamwaga kwenye kipande cha karatasi ya kaki, akakunja. Hakuandika kitu popote. Barwaqo alivaa glavu, akafunua kifuniko. Ndani kulikuwa na vidonge vidogo vya manjano, zaidi ya nusu ya kopo.

"Nani anachota hapa?"

"Yeye. Na mimi pia, kama mteja amekuja."

"Na yeye mwenyewe alikuwa anameza kutoka wapi?"

"Hapo hapo," Kasyoki alijibu mara moja. "Kila siku. Nilikuwa namwona."

Mlango ulisukumwa. Mwanamke mja mzito alichungulia, akaona polisi, akataka kurudi, lakini haja yake ikamshinda. "Kasyoki, samahani. Foliki imekuja? Zile vidonge za kliniki?"

"Bado. Iliisha," Kasyoki alisema bila kumtazama. "Jaribu hospitali."

"Si wiki ile nyingine niliona kopo mpya imefunguliwa hapo juu?"

"Nimesema iliisha, mama."

Mwanamke akaondoka. Barwaqo aliinua macho hadi rafu ya juu. Kopo la foliki lilikuwepo, safi, halina vumbi, karatasi ya kufunga mdomo imechanwa juzijuzi tu. Akalishusha na kulitikisa. Halikuwa na hata kidonge kimoja.

"Wajawazito wa Kyuso wamekuwa wengi hivyo?"

"Madam, mama yangu..."

"Ulimsamehe Musyimi?"

Kasyoki alikunja mikono juu ya aproni yake nyeupe. "Nilisimama kanisani nikasema. Waulize."

"Nakuuliza wewe."

"Nilisema vile Bwana alitaka niseme."

Barwaqo alitia makopo yote mawili kwenye mifuko ya vielelezo, akaandika tarehe na sahihi. Kisha akafunga duka mwenyewe na kuchukua funguo.

"Rudi kwa mama," akasema. "Nitakuja huko huko."

*

Daktari Kaloki alikuwa ofisa wa kliniki tu, lakini alikuwa amewazalisha na kuwashona nusu ya watu wa Kyuso na hakuna aliyejali cheo chake. Alimwaga vidonge vichache kutoka kopo la diazepamu kwenye kiganja chenye glavu, akavipeleka dirishani.

"Hii ni foliki," akasema.

"Una hakika?"

"Inspekta, mimi nagawa hizi kila siku ya kliniki. Rangi inafanana na ya ile dawa ingine, lakini ile imechorwa mstari katikati. Hii haina mstari. Foliki haiwezi kumuua mtu. Haiwezi kumlaza wala kumwamsha."

"Basi imemuuaje Musyimi?"

Kaloki alirudisha vidonge koponi, akaketi. Alikuwa na uchovu wa mtu aliyekesha.

"Sio foliki imemuua. Ni kukosa ile ingine. Hizi dawa za kutuliza ni nzuri sana kwa siku chache, mtu akiwa amevunjika kabisa. Ukipitisha, mwili unazizoea, unasahau kujituliza wenyewe. Baadaye ukimnyang'anya ghafla, kichwa kinawaka. Anatetemeka, halali, anasikia vitu havipo, halafu degedege. Lazima umpunguzie polepole, hata miezi. Kama mtu alimbadilishia Musyimi kopo bila yeye kujua, alimwachisha ghafla huku akidhani anaendelea kumeza. Angeongeza na kuongeza, bure."

"Nani Kyuso anajua hayo yote?"

Kaloki alianza kuvua glavu. Rangi ilimtoka usoni.

"Mimi nilimweleza," akasema polepole. "Mbula alipoletwa hapa ameungua. Dada yake aliniuliza ni nini kimemuua. Nikamwelezea kila kitu, vile nimekwambia sasa. Hakulia. Aliuliza tu inachukua siku ngapi."

Barwaqo hakuhitaji zaidi kuhusu Musyimi. Lakini kulikuwa na mgonjwa upande wa pili wa pazia, na huyo alikuwa bado hai. "Nionyeshe mama yake."

Syokau alilala kiubavu, mwanamke mkubwa aliyekonda ghafla, macho nusu wazi, vidole vikichezacheza juu ya shuka. Kasyoki alikuwa amepiga magoti upande wa kichwani akimfuta povu. Barwaqo hakumsemesha. Alimwomba Kaloki nguo alizokuja nazo mgonjwa.

Wanawake wa huku hufunga kwenye pindo la leso kile wasichotaka kionekane. Barwaqo aliipapasa leso ya Syokau pembe kwa pembe huko korido, mpaka akapata fundo. Lilikuwa limekazwa kwa nguvu za mtu mwenye siri. Ndani yake kulikuwa na kipande cha karatasi ya kaki, na ndani ya karatasi, vidonge vidogo vya manjano visivyo na mstari.

Kaloki aliviona akashika kichwa. "Mungu wangu. Nimekuwa nikimtibu homa ya uti wa mgongo."

"Sasa umejua. Mtibu."

"Kwa dawa gani? Sindano yetu ya mwisho ilitumika alfajiri. Nilimpiga akatulia, nikadhani ni bahati. Vidonge hatujaletewa tangu msimu wa kupanda. Nimeita Mwingi, wanasema gari itatoka jioni. Huyu hana mpaka jioni."

*

Walitumia chumba cha kupimia uzito wa watoto. Barwaqo alimkalisha Kasyoki mezani na kumwambia halazimiki kusema neno, na kwamba atakalosema litaandikwa na kupelekwa kortini. Kimeu alisimama mlangoni.

"Ulimimina dawa ya kweli, ukajaza foliki."

"Una mashahidi?"

"Nina makopo mawili. Nina Daktari Kaloki, uliyemuuliza inachukua siku ngapi."

Kasyoki alitazama mikono yake. Kisha kitu fulani kikamlegea usoni, na Barwaqo akaona kwamba hakikuwa woga. Alikuwa amechoka kuficha jambo alilojivunia.

"Nilitaka aonje," akasema. "Aonje yote, kutoka mwanzo. Nilikuwa namwangalia kila siku akianza. Kwanza mikono. Halafu akaanza kuniuliza, Kasyoki, unasikia nyuki? Mbula pia alikuwa anasikia nyuki. Nikamwambia mimi sisikii kitu, bosi. Alikuwa anakuja kwa kopo kama mtoto, anameza, na mimi ndiye nilikuwa namletea maji. Nilikuwa namwambia meza, bosi, utapata nafuu."

Kimeu alijikohoza mlangoni.

"Wazee walinipa funguo," Kasyoki aliendelea. "Walichinja mbuzi, wakanifanya nimwite bosi yule aliyemchoma dada yangu. Kila Jumapili wananishika mkono, ati asante kwa kusamehe. Nilikuwa nasema asante. Nikienda nyumbani nanawa mkono. Sijuti, madam. Andika hivyo. Akifufuka, nitamfanyia tena."

"Na wateja wengine?"

"Hakuna mtu mwingine niliumiza. Dawa ya kweli ilikuwa kwa chupa, kwa mfuko wa aproni. Mteja akija kwangu, nampea ya kweli. Niliangalia hiyo sana. Mimi si muuaji wa watu."

"Na wale wa mlango wa nyuma?"

"Mlango wa nyuma gani?"

"Ule Musyimi alikuwa anafungua wewe ukienda mazoezi ya kwaya. Mzee Nzau alikuwa anapitia huko. Hukujua?"

Kasyoki alikunja uso. "Nzau? Nzau wa kanisa?"

Barwaqo aliweka leso juu ya meza. Hakuifungua mara moja. Alikuwa na hasira na mwanamke huyu, hasira na Musyimi, hasira na wazee na mbuzi wao, na hakuona sababu ya kulainisha mambo. Akaifungua pindo.

Kasyoki aliitambua leso kwanza. Vidonge alivitambua baadaye.

"Hapana," akasema. "Hii umeweka wewe."

"Ilikuwa imefungwa. Daktari ameshuhudia nikifungua."

"Mama hawezi. Mama alikuwa hamsalimii huyo mtu. Akipita kwa duka lake alikuwa anatema mate. Hawezi kununua kitu kwake. Hawezi!"

"Tangu mzike Mbula, mama yako alikuwa analala?"

"Alikuwa... mwaka jana alikuwa halali. Baadaye akaanza kulala vizuri. Tulishukuru kanisani. Nilitoa ushuhuda mimi mwenyewe."

Alisikia alichokisema. Mikono yake ilienda mdomoni.

"Angeenda wapi?" Barwaqo alisema. "Binti yake amesamehe mbele ya kanisa zima. Yeye angesema kwa nani kwamba hawezi kufunga macho? Alijificha akaenda kwa mtu mmoja tu aliyejua hatasema. Na yule shetani akamuuzia, kama alivyomuuzia mtoto wake. Mpaka wewe ukabadilisha kopo."

Kutoka wodini sauti ya Kaloki ilipasuka, akimwita muuguzi aje amshike mgonjwa miguu. Kitanda kilikuwa kinagonga ukuta. Kasyoki aliruka, Kimeu akaziba mlango.

"Mwaitu!" alimlilia mama yake kwa Kikamba. "Niache! Mwaitu!"

"Hapa hakuna dawa," Barwaqo alisema, amemshika bega kwa nguvu. "Hata moja. Ya Mwingi itakuja jioni na itamkuta amekufa. Ile chupa ya aproni iko wapi?"

"Kama nikikuonyesha, hiyo ndiyo itanifunga."

"Ndiyo."

Kitanda kiligonga ukuta tena. Kasyoki hakuchukua muda.

"Iko kwa Mbula," akasema. "Yule mtu alipokufa, nilimpelekea Mbula."

*

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba yao, kando ya shamba la ndengu lililovunwa, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Udongo wa upande wa kichwani ulikuwa umefukuliwa karibuni. Kimeu alitafuta jembe, lakini Kasyoki hakungoja. Alichimba kwa vidole, amepiga magoti, anaomba radhi kwa Kikamba. Barwaqo alimsikia neno kwa neno. Hakuwa anamwomba Mungu wala Musyimi. Alikuwa anamwambia mdogo wake kwamba anazichukua tena, asikasirike, ni za mama.

Chupa ilitoka ndani ya mfuko wa plastiki, kifuniko kimekazwa. Vidonge vilikuwa na mstari katikati.

Hospitalini, Kaloki alikipasua kimoja, akakigusisha ulimini na kukunja uso. "Ndiyo yenyewe." Alisaga, akachanganya na maji, akampitishia Syokau kwa mpira wa puani, na Mzee Nzau akapelekewa chake. Barwaqo aliandika muda na idadi, akaitia sahihi chupa yenye vilivyobaki, na kuketi nje ya wodi akiwa amemfunga Kasyoki pingu pamoja na mkono wake mwenyewe. Langoni, Nzisa na vijana wake walikuwa wameshapata habari. Tairi lilikuwa limehamia huko. Nzisa hakumtaka tena Nzau, alikuwa analitaja jina jipya kwa sauti ile ile.

Kitanda kiligonga mara moja zaidi, kidogo, kisha hakikugonga tena. Jua lilipoanza kuegemea, Kaloki alitoka akijifuta uso.

"Imeshika. Ameanza kumeza mwenyewe. Binti yake anaweza kumwona, dakika chache."

Barwaqo angeweza kukataa. Alisimama, na kwa kuwa walikuwa wamefungwa pamoja, wakaingia pamoja.

"Daktari," Kasyoki alisema wakiwa mlangoni, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Akipata nafuu, usimwachishe ghafla. Tafadhali. Kidogo kidogo."

"Najua," Kaloki alisema. "Ni mimi nilikuambia."

Syokau alifumbua macho. Yalizunguka dari, yakapita juu ya mtandio wa Barwaqo, yakapita juu ya binti yake bila kumjua. Mkono wake ulipapasa kifuani, mahali ambapo leso hukaa, ukatafuta pindo na kulikosa.

"Musyimi amefungua?" akauliza kwa Kikamba, kwa haraka, kama mtu anayeogopa kusikika. "Kabla Kasyoki hajarudi. Amefungua?"

Muuguzi alikuwa ameshika kijiko chenye dozi ya jioni. Kasyoki alikichukua kwa mkono uliobaki huru, kucha zimejaa udongo, akakipeleka kwenye midomo ya mama yake.

"Amefungua, mwaitu," akasema. "Meza."